Filamu kwa Vifaa Vichache: Nuru, Sauti na Kioo cha Simu

Nyakato ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Musoma, mkoani Mara. Ziwa Victoria haliko mbali nayo, na barabara iendayo Bunda hupita njia panda ya Butiama kabla ya kuendelea kuelekea malango ya Hifadhi ya Serengeti. Nchi hii ya ziwa na mbuga imepigwa picha za filamu kwa zaidi ya miaka 60. Walakini kwa sehemu kubwa ya muda huo waliozipiga walikuwa wageni, wenye ndege, malori na maabara za ng'ambo. Siku hizi kijana wa Nyakato hubeba mfukoni simu yenye kamera ambayo mafundi wa zamani wangeiona kuwa ni miujiza. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafunzi wengi hujiuliza: ikiwa kamera imepatikana, mbona filamu nyingi zinazotengenezwa kwa vifaa hivyo zinaumiza macho, na maneno ya wahusika hayasikiki? Aghalabu jibu halimo katika bei ya kamera. Limo katika masomo ya nuru, mawimbi na umeme yanayofundishwa katika shule za sekondari.

Yafaa kuanza na filamu iliyolitangaza eneo hili duniani kote. Katika mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, na mwanawe Michael walifika Serengeti kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia kama punda milia. Hawakuwa waajiriwa wa kampuni kubwa ya senema. Fedha zao zilitokana na filamu waliyoitengeneza wenyewe miaka michache kabla ya hapo. Kwa ndege hiyo walihesabu wanyama, wakapata nyumbu 99,481 (leo nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja), na papo hapo wakapiga picha za filamu yao iitwayo kwa Kijerumani *Serengeti darf nicht sterben*, yaani Serengeti haina budi isife. Mnamo tarehe 10 Januari 1959 ndege ilianguka, na Michael akafa kabla ya kazi kumalizika. Baba yake aliimaliza, na mwaka 1960 filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za maisha halisi. Iliwatetea wanyama kwa nguvu nyingi. Lakini pia ilishikilia kwamba hifadhi isikaliwe na watu, hata wale waliochunga mifugo humo tangu zamani, na watu hao hawakuwa na kamera ya kujibia. Jambo kama hilo lilitokea tena mwaka 2004, Hubert Sauper alipotoa filamu yake juu ya biashara ya sangara huko Mwanza, *Darwin's Nightmare*. Kikosi chake kilikuwa kidogo mno. Filamu ilisifiwa Ulaya na kuteuliwa kugombea Oscar, nayo Serikali ya Tanzania ikailalamikia hadharani mwaka 2006 kwamba iliipotosha hali ya nchi. Anayeshika kamera na kukata picha ndiye anayeamua dunia ione nini, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wa kando ya ziwa kujifunza ufundi huu wenyewe.

Jaribio la kwanza kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya wenyeji wa Afrika ya Mashariki lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Liliongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35, nyingi zikihusu afya, kilimo na uwekaji wa akiba, wakitumia mkanda mwembamba wa milimeta 16. Sauti haikuwamo katika mkanda. Ilirekodiwa katika sahani za santuri, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na fundi aliyekuwa katika gari la senema alilazimika kuhakikisha kwamba santuri na picha zinakwenda pamoja. Msomaji ataona hapo mbele kwamba taabu hiyo ya kuoanisha sauti na picha haijatoweka. Imebadilisha sura tu.

Mkanda wa milimeta 16 ulitumika kwa miaka mingi, hata filamu *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, ilipigwa kwa mkanda huo. Hesabu yake inaeleza kwa nini mafundi wa wakati ule walikuwa na nidhamu kali. Futi moja ya mkanda ina picha 40. Kipande cha futi 100, ambacho ndicho kilichoingia katika kamera ndogo, kina picha 4,000. Kamera ikipiga picha 24 kwa sekunde, kipande kizima humalizika katika muda wa dakika 2 na sekunde 46. Baada ya hapo mkanda ulipelekwa maabara, mara nyingi nje ya nchi, na majibu yakarudi baada ya majuma. Hakuna aliyebonyeza kitufe ovyo. Mwenye simu anaweza kupiga saa nzima bila gharama ya mkanda, na matokeo yake ni kwamba hupiga kwanza na kufikiri baadaye. Mwalimu aliye na klabu ya filamu shuleni anaweza kurudisha nidhamu ile bila mkanda wowote: kila kikundi kipewe ruhusa ya dakika 2 na sekunde 46 tu, kisha wapange onyesho lao kwenye karatasi kabla ya kugusa simu.

Mwendo unaoonekana katika filamu haumo katika picha yoyote. Kila picha imesimama. Vitabu vingi vya zamani vilieleza kwamba taswira hubaki kitambo katika jicho na kuungana na ile inayofuata. Maelezo hayo hayatoshi, kwani kama taswira zingebaki na kupandana tungeona ukungu wala si mwendo. Wataalamu wa leo husema kwamba ubongo wenyewe ndio unaoziunganisha picha zinazotofautiana kidogo na kuzifahamu kama kitu kimoja kinachokwenda. Jambo la kumetameta ni jingine. Mtambo wa senema uonyeshao picha 24 kwa sekunde huikatiza nuru ya kila picha mara mbili au tatu, ili jicho lipate miale 48 au 72 kwa sekunde na lisichoke.

Mpaka hapa limetajwa swali la picha ngapi kwa sekunde. Kuna swali la pili ambalo watu wengi hulisahau: kila picha ipokee nuru kwa muda gani? Mazoea ya tangu zamani ni karibu nusu ya muda wa picha moja, yaani kama sekunde 1/50 kwa picha 25 kwa sekunde. Ichukuliwe mfano wa mvuvi apigaye kafi karibu na mwalo. Ikiwa kafi linakwenda meta 2 kwa sekunde, basi katika sekunde 1/50 linasogea sentimeta 4, na picha yake huwa na ukungu kidogo. Ukungu huo si kosa. Ndio unaoufanya mwendo uonekane laini. Sasa tazama linalotokea kwa simu mchana wa jua kali. Kanuni ya wapigapicha husema kwamba katika jua wazi, kwa usikivu wa 100 na tundu la lenzi la f/16, muda unaofaa ni sekunde 1/100. Lakini tundu la lenzi za simu nyingi halibadiliki, nalo ni karibu f/2. Nuru iingiayo hufuata mraba wa uwiano huo: 16 gawanya kwa 2 ni 8, na 8 mara 8 ni 64. Simu, isije ikaunguza picha, hupunguza muda mara 64, ukawa sekunde 1/6,400. Katika muda huo kafi halisogei hata theluthi ya milimeta. Kila picha huwa kali kama iliyochongwa, na mwendo huonekana wa kushtukashtuka, kama wa vikaragosi.

Dawa yake ni kioo cha kijivu kinachobanwa mbele ya lenzi. Ili kurudi kwenye sekunde 1/50 inahitajika nuru ipunguzwe mara 128, yaani ikatwe nusu mara 7 mfululizo. Vioo vya namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo kuliko kamera yoyote. Asiyekipata anaweza kufanya jambo rahisi zaidi, nalo ni kukaa kivulini.

Na hapa pana jambo ambalo vitabu vya ng'ambo haviwaelezi vijana wa Musoma. Vitabu hivyo, vilivyoandikwa na watu wa nchi za kaskazini, husifu sana nuru ya jioni na kushauri kupiga picha katika saa za mwisho wa siku. Jua huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Musoma iko chini ya nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hushuka karibu wima. Likiwa nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, imebaki saa moja tu litue. Mjini Stockholm, mwezi wa Juni, safari hiyo hiyo ya jua huchukua zaidi ya saa mbili, maana hushuka kwa mshazari. Kadhalika, baada ya kutua giza huingia Musoma katika muda wa kama dakika 20 hadi 25. Mpango wa kupiga picha uliofaa kule hauwezi kufaa hapa. Isitoshe, saa za Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 Mashariki, hali Musoma iko karibu na nyuzi 34. Tofauti ya nyuzi 11, kwa dakika 4 kila moja, ni dakika 44. Ndiyo maana jua la Musoma halifiki kileleni saa 6 kamili mchana. Hufika kati ya saa 6 na nusu na saa 7. Saa 7 na nusu mchana, ambapo watu hudhani jua limekwisha pinduka, bado lipo karibu na utosi, na macho ya wahusika huwa mashimo meusi chini ya nyusi. Kikundi kinachoweza kuamka mapema kitafanya kazi njema kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, wakati upepo wa ziwa nao haujakaza. Mchana watu wakapumzike, au wakapige picha za ndani.

Tatizo jingine la ziwa ni mng'ao wake. Mtu mweusi akisimama mwaloni na maji yaking'aa nyuma yake, kamera hupima nuru ya picha nzima, huona weupe mwingi, hupunguza nuru, na uso hutoweka. Kamera haina akili ya kujua kwamba uso ndio habari yenyewe. Historia nayo ina mkono wake katika jambo hili. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi za Ulaya na Marekani zilipima usahihi wa rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikachukuliwa kama tatizo la pembeni. Tiba yake haina gharama: mtu ageuzwe, nyuma yake pawe ukuta wa udongo, mti au kivuli, kidole kibonyeze uso katika kioo cha simu ili kamera ipime hapo, na shuka jeupe au ubao uliobandikwa karatasi ya kung'aa ushikwe upande wa pili ili kurudisha nuru usoni. Ngozi nyeusi hupendeza zaidi kwa nuru pana inayotoka ubavuni kuliko kwa taa ndogo kali inayoelekezwa moja kwa moja.

Ndani ya nyumba huibuka mashaka ya namna nyingine. Wapo waliopiga picha chini ya taa za mirija na kukuta mistari myeusi ikitambaa juu ya picha, wakadhani simu imeharibika. Umeme wa Tanzania hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kwa kuwa taa huwaka katika kila nusu ya mgeuko, hutoa mapigo 100 ya nuru kwa sekunde. Jicho haliyaoni. Picha inayopokea nuru kwa sekunde 1/50 hupata mapigo mawili kamili, kila picha sawa na mwenzake. Picha ya sekunde 1/60, ambayo ni desturi ya simu zilizopangwa kwa umeme wa Marekani, hupata pigo moja na theluthi mbili. Mara hupata zaidi, mara pungufu, na hapo ndipo mistari inapotokea. Katika simu nyingi yapo maongozi ya kuchagua kati ya 50 na 60. Achague 50, apige picha 25 kwa sekunde, na tatizo litakwisha. Baadhi ya taa mpya za LED hazina kasoro hiyo kabisa, na baadhi za bei ndogo zina kasoro kubwa kuliko mirija. Kuzijaribu kwa dakika moja kabla ya kuanza ni akiba ya siku nzima.

Usiku ziwani mambo hutawaliwa na kanuni ya mraba wa umbali. Wavuvi wa dagaa huenda na taa katika usiku usio na mbalamwezi. Zamani zilikuwa karabai, na sasa nyingi ni taa za betri. Uso ulio meta 1 kutoka taa hupata nuru mara 4 ya ule ulio meta 2, na mara 16 ya ule ulio meta 4. Kihisi cha simu, yaani kipande cha silikoni kinachopokea nuru, kina ukubwa wa kama milimeta 6 kwa 4. Kile cha kamera kubwa za siku hizi ni milimeta 36 kwa 24, eneo kubwa mara 36. Ndiyo sababu picha za usiku za simu hujaa chembechembe. Simu hujaribu kuzifuta kwa hesabu zake za ndani, na katika kuzifuta huulainisha uso wa mtu mpaka ukafanana na nta. Afadhali kumsogeza mhusika nusu meta kuelekea taa kuliko kununua kamera mpya.

Yote hayo ni ya macho. Lakini kinachowafukuza watazamaji kwa haraka zaidi ni sauti. Mtu huvumilia picha yenye giza akiwa anafuata kisa. Maneno yasiyosikika hayavumiliki hata kidogo. Tatizo lenyewe ni la umbali pia. Maikrofoni ya simu iliyoshikwa meta 2 kutoka kwa msemaji hupokea sauti yake hafifu, pamoja na upepo, pikipiki na jenereta ya jirani. Ikisogezwa mpaka sentimeta 25, umbali umepungua mara 8, na nguvu ya sauti ya msemaji imeongezeka mara 64, yaani desibeli 18, hali jenereta imebaki vile vile. Hakuna programu ya kompyuta iwezayo kuleta faida kama hiyo baadaye.

Njia ya bei nafuu inajulikana na waliokwisha kuijaribu hawairudii ile ya zamani. Simu ya pili, hata iliyopasuka kioo, huwekwa mfukoni mwa msemaji ikirekodi sauti tu, na maikrofoni ya waya wa sikioni ikabanwa chini ya kola. Kipande cha sponji ya godoro huzuia upepo. Kwanza mtu hupiga makofi mara moja mbele ya kamera. Pale mikono inapokutana katika picha, na pale mshindo unapoonekana katika chombo cha sauti, ndipo pa kuoanisha. Ni kazi ile ile ya fundi wa santuri wa Vugiri. Mpiga makofi asimame karibu. Sauti huenda kama meta 346 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 25, kwa hiyo kwa kila meta 14 hivi hucheleweshwa muda wa picha moja. Wala saa za simu mbili haziendi sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu moja katika 50,000 hufikia sekunde 0.07 kwa saa moja, karibu picha 2, na midomo huanza kuachana na maneno. Mahojiano marefu yafaa yakatwe kila baada ya dakika 15 na makofi yapigwe upya.

Chumba chenye kuta za saruji na sakafu tupu huirudisha sauti kama pipa. Vitenge, mablanketi na godoro vikitundikwa nje ya picha huimeza. Na mvua ikinyesha juu ya bati, hakuna la kufanya ila kungoja.

Ufundi huo wote hufanywa kwa ajili ya mtazamaji, naye amebadilika sana. Wakati wa ukoloni, Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichofanya kazi kati ya 1939 na 1955 chini ya William Sellers, kilishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu isipokuwa iwe ya polepole, isiyo na mikato ya haraka wala kamera inayotembea. Dai hilo halikuwa na uthibitisho wa kutosha. Watu waliojaza majumba ya senema ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar wakitazama filamu za Kihindi na za Kimarekani walilikanusha kila jioni. Vijijini yalipita magari ya senema yenye jenereta, na umati ulitazama kitambaa cheupe uwanjani. Televisheni haikuwapo Tanzania Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Pengo hilo lilizibwa na kanda za video, na kwa kanda hizo vikaja vibanda umiza: chumba cha mabati, mabenchi, runinga moja na kiingilio kidogo. Humo ndimo lilimozaliwa jambo la pekee. Filamu za kigeni zilitafsiriwa papo kwa papo na msimulizi aliyeongeza mizaha, majina ya mitaa na maoni yake. Huko Dar es Salaam aliyejulikana mno kwa kazi hiyo alikuwa Lufufu. Msimulizi wa namna hiyo hakuwa mkalimani tu, bali mtengenezaji wa pili wa filamu, na fundi wa leo anayetaka kujua watazamaji wake wanacheka wapi angejifunza mengi kwake.

Kisha zikaja filamu za Kiswahili zilizopigwa kwa kamera za video na kuuzwa katika sahani. Steven Kanumba, mwigizaji mashuhuri wa kizazi hicho, alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika ulionyesha jinsi filamu hizo zilivyoingia majumbani. Biashara ya sahani nayo ilidhoofishwa na nakala za wizi, halafu na intaneti. Leo mtazamaji ameshika simu yake, pengine ndani ya basi.

Watu wengi huamini kwamba kioo cha simu ni kidogo mno kwa filamu. Hesabu ya pembe yasema vingine. Runinga yenye upana wa sentimeta 53 ikitazamwa kutoka meta 3 hujaza pembe ya nyuzi 10 za jicho. Simu iliyolazwa, yenye upana wa sentimeta 14, ikishikwa sentimeta 30 kutoka usoni, hujaza nyuzi 26. Kitambaa cha senema cha meta 6, kwa aliyekaa meta 12 nyuma, ni nyuzi 28. Kwa jicho, basi, simu iliyolazwa iko karibu na senema kuliko runinga ya sebuleni. Matatizo yake ni mengine. Kwanza, watu huishika wima. Filamu pana ikionyeshwa katika simu iliyo wima hubaki na upana wa sentimeta 7, na eneo lake ni robo ya lile la simu iliyolazwa. Nyuso ndogo zilizo mbali hazionekani tena. Pili, jua la nje hushinda mwanga wa kioo, na maonyesho ya giza, ambayo katika kibanda yangetisha, huwa weusi mtupu. Tatu, kipaza sauti cha simu hakiwezi kutoa sauti nzito. Ngoma inayosikika kifuani uwanjani hugeuka kuwa mgongo wa kopo. Fundi mwangalifu huisikiliza kazi yake kwa kipaza sauti cha simu kabla ya kuitoa, wala hategemei spika za kompyuta pekee.

Gharama ya bando nayo huamua nani atazame mpaka mwisho. Filamu ya dakika 20 ikipelekwa kwa megabiti 5 kwa sekunde hula megabaiti 750. Ikipelekwa kwa megabiti 1, hula 150 tu, lakini majani, mvua na mawimbi ya ziwa huvurugika, kwa sababu mbinu ya kubana picha hutegemea kwamba sehemu kubwa ya picha haikubadilika tangu ile iliyotangulia. Kamera inayotikisika mkononi huibadilisha picha nzima kila wakati na kuupoteza ubora bure. Stendi ya miguu mitatu, au hata mfuko wa mchanga juu ya kiti, humpunguzia mtazamaji gharama.

Anayekusudia kuonyesha filamu yake hadharani akumbuke kwamba upigaji na uonyeshaji wa filamu Tanzania hutawaliwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, ambayo imerekebishwa baadaye. Na ndani ya hifadhi za taifa huhitajika ruhusa ya wenye hifadhi.

Limebaki suala la kuhifadhi, na ndilo lililoachwa nyuma kuliko yote. Katika filamu zipatazo 35 za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni chache mno. Mkanda wa asetati ukikaa katika joto na unyevu huoza wenyewe, hutoa harufu ya siki, na asidi inayotoka huharakisha kuoza kwa mikanda iliyo jirani. Kanda za video hushika ukungu. Simu za leo hazina harufu yoyote ya kutahadharisha: huanguka majini, huibwa, au kadi hukataa kusomeka asubuhi moja. Mzee anayesimulia kwa Kikwaya, Kijita au Kizanaki namna ya kusuka nyavu akirekodiwa mara moja na faili likapotea, huenda asiwepo wa kurudia. Picha isiyobanwa, yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ingehitaji megabaiti 155 kwa kila sekunde. Iliyobanwa kwa kiwango kizuri cha megabiti 50 kwa sekunde huhitaji gigabaiti kama 22 kwa saa, mzigo ambao diski ya kawaida huubeba mara nyingi. Ziwekwe nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika diski iliyofungiwa kabatini, ya tatu katika jengo jingine kabisa, kama vile shule au maktaba. Kila faili lipewe jina lenye tarehe, mahali, lugha, jina la msemaji na la mpiga picha, pamoja na maandishi mafupi kwamba msemaji aliridhia. Na kila mwaka, shule zinapofunguliwa, diski zifunguliwe na kutazamwa kama bado zinasomeka.